MAKONGAMANO YA FALSAFA NA SWALI LA MAJI YA MFONGO

Kirua Vunjo, katika Wilaya ya Moshi, ni nchi ya mteremko. Upande wake wa juu waelekea msitu wa Mlima Kilimanjaro, na huko vihamba vya migomba na kahawa vimesongamana hata mgeni hawezi kutambua mpaka kati ya mji mmoja na mwingine. Upande wa chini washuka hadi Uchira, kwenye barabara kuu itokayo Moshi kwenda Himo, ambako ardhi ni kame na mazao makubwa ni mahindi na maharage. Baadhi ya sehemu za msitu katika mteremko wa kusini hupata mvua inayozidi milimita 2000 kwa mwaka. Nyanda zilizo chini ya Uchira, kuelekea Kahe, hazipati hata nusu ya kiasi hicho. Ndiyo sababu Wachaga, tangu zamani kabla ya utawala wa Wajerumani, walichimba mifereji ya kuyaongoza maji ya mito hadi vihambani. Mfereji wa namna hiyo huitwa mfongo.

Juu ya maji ya mfongo yaweza kuulizwa maswali ya aina mbili. La kwanza ni hili: Je, ni lita ngapi zinazopita kwa sekunde, na ni ngapi zinazopotea njiani kwa kunywewa na udongo? Swali hili hujibiwa kwa vipimo. La pili ni hili: Je, ni nani anayestahili kupewa maji hayo kwanza, na kwa sababu gani? Hapa kipimo cha lita hakitoshi. Hata kama tungejua kila tone linakokwenda, tungekuwa bado hatujajua lilistahili kwenda wapi. Walakini swali hili la pili haliwezi kuachiwa kila mtu alijibu apendavyo, kwani majibu yake hayalingani kwa ubora. Yako yanayosimama juu ya sababu madhubuti, na yako yanayoanguka mara yanapoulizwa swali moja tu.

Taaluma inayoshughulikia maswali ya aina hii ni falsafa. Mwanafunzi aliyezoea masomo ya fizikia na kemia aweza kuuliza: ikiwa falsafa ni utafiti, maabara yake iko wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ya maabara hiyo hufanyika katika makongamano na warsha za idara za vyuo vikuu. Tutaeleza kwanza utaratibu wake. Kisha tutaitazama idara moja ya Afrika Mashariki iliyojipatia sifa kwa makongamano hayo. Mwisho tutalipitisha swali la mfongo katika utaratibu huo huo, ili msomaji aone mwenyewe jinsi dai linavyopimwa.

KONGAMANO NA WARSHA

Kongamano la kitaaluma huanza miezi mingi kabla ya siku ya mkutano. Idara hutangaza suala litakalojadiliwa na kutoa mwito wa mada. Mtu anayetaka kushiriki hupeleka ikisiri, yaani muhtasari wa ukurasa mmoja au pungufu, unaotaja dai lake na sababu za dai hilo. Ikisiri zikikwisha kuchaguliwa, kila mtoa mada hupangiwa muda wake, aghalabu dakika 20 au 30, na muda wa maswali usiopungua sana muda wa kusoma. Katika makongamano mengine huteuliwa pia mchambuzi, ambaye ameisoma mada mapema na kazi yake ni kuijibu. Mwenyekiti hulinda muda na zamu ya kusema. Baada ya mkutano, mada huandikwa upya kwa kuzingatia mapingamizi yaliyotolewa, na zile zilizo bora huchapishwa katika kitabu au jarida.

Warsha ni ndogo zaidi. Watu 10 au 15 hukaa kuzunguka meza, mada imekwisha kusomwa na wote, na saa nzima au mbili hutumika kwa mazungumzo tu. Mwandishi huileta kazi yake ikiwa bado rasimu, kwa makusudi ya kuonyeshwa mahali ilipolegea kabla haijatoka hadharani.

Maswali yanayoulizwa katika mikutano hiyo yana aina zake, na inafaa mwanafunzi azifahamu. Aina ya kwanza ni kutaka ufafanuzi wa neno: mtoa mada anaposema "haki", ana maana gani? Aina ya pili ni kuuliza kama hitimisho linafuata kweli kutoka katika madai ya msingi, kwani madai yaweza kuwa kweli yote na hitimisho lisifuate. Aina ya tatu ni kutoa mfano kinzani, yaani tukio moja ambalo, kama dai lingekuwa kweli, lisingewezekana. Aina ya nne ni kufuata matokeo: tukilikubali dai hili, ni jambo gani jingine ambalo tutalazimika kulikubali, na je, tuko tayari?

Katika aina hizi msomaji ataona ndugu wa jaribio la kisayansi. Mfano kinzani mmoja hufanya kazi ile ile inayofanywa na jaribio moja linaloikanusha nadharia. Tofauti ni kwamba jaribio la fizikia huulizwa maumbile, hali mfano kinzani huulizwa akili na dhamiri za watu waliokusanyika. Kwa hiyo ubora wa jaribio la falsafa hutegemea sana ni nani waliokusanyika, na jambo hili tutalirudia baadaye.

Hapana budi pia kulitofautisha kongamano na baraza la kijiji au mahakama. Baraza na mahakama hukutana ili kuamua; lazima jioni ifike na uamuzi uwe umetolewa, kwa maana watu wanangoja. Kongamano halipigi kura wala halitoi hukumu. Mtu aweza kuondoka na dai lake likiwa limeshindwa na asipungukiwe na shamba wala ng'ombe. Uhuru huo ndio unaomwezesha kukiri kwamba mwenzake ana hoja bora.

IDARA YA NAIROBI

Katika Afrika Mashariki, idara iliyojulikana mno kwa makongamano ya falsafa katika miaka ya 1970 hadi 1990 ni ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1969, falsafa ikiwa pamoja na elimu ya dini. Baadaye falsafa ikawa idara peke yake. Mtu aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944 katika jimbo la Nyanza, akasoma Uppsala nchini Sweden na baadaye Marekani, na kufariki dunia mwaka 1995. Mwaka 1974 Jumuiya ya Falsafa ya Kenya, ambayo Oruka alikuwa nguzo yake, ilianza kutoa jarida lililochapisha mijadala ya wanafalsafa wa eneo hili.

Suala lililowashughulisha wanachuoni wakati huo lilikuwa zito: Je, Afrika ina falsafa, na kama inayo, iko wapi? Mwaka 1945 Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, alichapisha kitabu kilichodai kwamba Wabantu wote wanayo falsafa moja ya pamoja, ingawa wao wenyewe hawawezi kuieleza. Mwaka 1956 Alexis Kagame wa Rwanda alijaribu kuonyesha kwamba falsafa hiyo imo katika ngeli za lugha. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya aliandika kwamba fikra za Kiafrika huugawa wakati katika sehemu mbili alizoziita kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo.

Madai haya yalipofika mbele ya makongamano, yalikutana na mapingamizi. Paulin Hountondji wa Benin aliuliza: inawezekanaje kabila zima liwe na falsafa moja, hali falsafa ni mtu kutoa hoja na mwenzake kumpinga? Tukisema Waafrika wote hufikiri sawasawa, hatukuwapa heshima, bali tumewanyima mabishano. Dai la Mbiti nalo lilipata wapinzani wengi. Mwanafunzi wa Kirua Vunjo aweza kulipima mwenyewe. Mtu anayechimba mfongo wa maili kadhaa katika mwamba, akijua kwamba watakaofaidi zaidi ni wajukuu ambao hajawaona, anafikiri juu ya wakati gani? Mtetezi wa Mbiti angejibu kwamba wajukuu ni mwendelezo wa ukoo ulioko sasa, kwa hiyo mfano huo hautoki nje ya Sasa. Je, jibu hilo latosha, au Sasa limenyoshwa mpaka limepoteza maana? Huo ndio mwendo wa mjadala.

Mwaka 1978, katika kongamano lililofanyika Accra kwa kumkumbuka Amo, Mwafrika wa karne ya 18 aliyefundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Ujerumani, na tena katika kongamano la dunia la falsafa huko Düsseldorf, Oruka alitoa mada ya kupanga mikondo ya falsafa ya Afrika katika sehemu nne. Upo mkondo wa kuzikusanya imani za kabila na kuziita falsafa. Upo mkondo wa viongozi wa ukombozi, kama Nyerere na Nkrumah, walioandika juu ya jamii inayofaa baada ya uhuru. Upo mkondo wa wanataaluma wa vyuo vikuu. Na upo wa nne, ambao ndio mchango wake hasa: hekima ya watu mmoja mmoja, wanaume na wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, ambao huzihoji mila za watu wao kwa hoja.

Ili kuthibitisha mkondo huo, Oruka na wenzake walikwenda vijijini na kuwahoji wazee, wakaandika maneno yao pamoja na majina yao. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Oruka aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili. Wako wanaoijua mila barabara na kuieleza kwa ufasaha. Na wako wanaoijua, kisha wakauliza kama ni sawa. Mmoja wa kundi la pili ni Mzee Paul Mbuya Akoko, Mluo, aliyetoa hoja kwamba kama kila taifa lingekuwa na Mungu wake mbalimbali, maumbile yangevurugika, kwa kuwa yasingekuwa na sheria moja. Msomaji aweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa. Lakini ni hoja, nayo ina mwenyewe anayeweza kuulizwa.

Kazi hii nayo haikusalimika. Peter Bodunrin wa Nigeria aliuliza: maneno hayo ni ya mzee, au ni ya mzee pamoja na profesa aliyemhoji? Swali la mtaalamu laweza kumwongoza mzee kwenye jibu ambalo asingelifikia mwenyewe. Wanasayansi wanaifahamu shida hii, kwani chombo cha kupimia chaweza kukibadili kinachopimwa. Oruka alijibu kwamba hata Socrates, katika Athens ya kale, alikuwa mtu wa kuuliza, na hakuna anayesema kwamba mazungumzo yake hayakuwa falsafa kwa sababu yalihitaji muulizaji. Mjadala huo uliendelea baada yake.

Mwaka 1987 Oruka aliitwa mahakamani Nairobi kama mtaalamu wa mila za Waluo katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambapo mjane Wambui Otieno na ukoo wa marehemu walishindana juu ya mahali pa kumzika. Mahakama iliamua, na marehemu akazikwa Nyalgunga mwezi Mei mwaka huo. Lakini swali la msingi, yaani kama mila ya ukoo imfunge mtu aliyechagua maisha mengine, halikuzikwa pamoja naye. Hapo yaonekana wazi tofauti tuliyoitaja kati ya hukumu na mjadala.

Julai 1991 idara ya Nairobi ikawa mwenyeji wa kongamano la dunia la falsafa. Suala lake lilikuwa falsafa, binadamu na mazingira, na mada zake zilichapishwa mwaka 1994. Katika miaka hiyo Oruka alieleza fikra ambayo ina manufaa kwa swali letu. Aliifananisha dunia na jamaa moja yenye watoto, wengine matajiri na wengine maskini. Utajiri wa kila mmoja umetokana kwa sehemu na bahati na juhudi yake, na kwa sehemu na urithi wa wazazi ambao ni wa wote. Kanuni ya juhudi binafsi inayo nafasi yake, alisema, lakini inapogongana na kanuni ya udugu na deni la wazazi, udugu hutangulia. Kwa hiyo ndugu maskini anapodai msaada anadai haki, wala haombi sadaka.

SWALI LA MFONGO LAPELEKWA MEZANI

Sasa na tufanye warsha ya kubuni. Mtoa mada anasimama na kudai hivi: Walioufanya mfongo wana haki ya kwanza ya maji yake, na kwa kuwa haki ya mzazi hurithiwa, wazao wao ndio wenye haki hiyo leo.

Dai hili lina msingi katika historia. Katika Kilimanjaro, ukoo ulioanzisha mfongo ulikuwa na usemi mkubwa juu yake, na mkuu wa mfongo aliyegawa zamu za maji aghalabu alitoka katika ukoo huo. Lina msingi pia katika falsafa: John Locke, Mwingereza, alifundisha mwishoni mwa karne ya 17 kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho huwa chake.

Swali la kwanza ni la ufafanuzi. Haki ya nini? Mababu walichimba mfereji, hawakuyafanya maji. Mvua hunyesha juu ya msitu bila ya jembe la mtu. Mtoa mada akubali kwamba kazi imezaa haki juu ya mfereji, na sasa ana wajibu wa kueleza jinsi haki hiyo inavyovuka kutoka udongoni hadi kwenye maji.

Swali la pili ni mfano kinzani. Tuseme yupo mrithi wa ukoo ambaye amehamia Dar es Salaam miaka 20 iliyopita na hajashika jembe la kuzibua mfongo. Tuseme tena yupo mtu aliyehamia kijijini, asiye wa ukoo, ambaye kila msimu huingia matopeni pamoja na wenzake. Ikiwa kazi ndiyo chanzo cha haki, wa pili anamzidi wa kwanza. Mtoa mada hapa analirekebisha dai: haki ni ya wanaoutunza mfongo. Dai hili jipya lakubaliana zaidi na desturi yenyewe, kwani asiyefika kwenye kazi ya mfongo hutozwa faini au hunyimwa zamu.

Swali la tatu lafuata mara moja. Yuko bibi kizee, mjane, asiyeweza tena kuinua jembe. Je, anyimwe maji ya kunywa na ya ng'ombe wake mmoja? Hakuna mezani anayekubali. Basi kazi peke yake haitoshi kuwa chanzo cha haki. Mahitaji nayo yana sauti. Dai larekebishwa tena: maji ya kunywa ni ya wote wanaoyahitaji, na kazi ni kipimo cha kugawa maji ya kumwagilia.

Swali la nne latoka chini, Uchira. Msemaji aeleza kwamba maji yanayochukuliwa juu ni yale yale ambayo yangeshuka. Hata Locke, akumbusha, aliweka sharti: mwenye kujitwalia awaachie wengine ya kutosha na yaliyo mazuri sawa. Kisha aongeza jambo ambalo kila Mchaga analifahamu. Jamaa nyingi zina kihamba juu na shamba chini. Ndugu mmoja amebaki mlimani kwa urithi, na mwingine, kwa kuwa kihamba hakikutosha kugawanywa, ameteremka. Aliyeshuka hakushuka kwa uvivu. Hapo fikra ya Oruka yaingia yenyewe: urithi uliompa wa juu maji ndio ule ule uliomkosesha wa chini ardhi.

Swali la tano ni la wakati wetu. Tangu mwaka 1971 serikali ilikusudia kuwafikishia wanavijiji wote maji safi karibu na nyumba zao ifikapo mwaka 1991, na maji hayo yalitolewa bila malipo. Baadaye, hasa kwa Sera ya Maji ya mwaka 2002, wananchi walitakiwa kuchangia gharama, na huko Uchira umoja wa watumia maji uliuza maji ya bomba. Je, maji yaweza kuuzwa? Mmoja asema maji ni zawadi ya Mungu. Mwingine ajibu kwamba maji ni zawadi lakini bomba, pampu na fundi si zawadi. Msomaji ataona kwamba hii ni ile ile tofauti ya swali la kwanza, kati ya maji na mfereji, imerudi katika vazi jipya. Mtu aliyeielewa kwenye mfongo hatapotea kwenye bomba.

Warsha yetu haikumaliza. Bado haijasemwa maji yaliyobaki yagawanywe vipi kati ya kihamba cha juu, shamba la chini, bwawa la umeme la Nyumba ya Mungu lililoko mbele zaidi, na mto wenyewe na viumbe wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka maji yote ya nchi chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi; hiyo ni kauli ya sheria, na mwanafalsafa bado ana ruhusa ya kuuliza mdhamini mwema hugawa namna gani. Pamoja na hayo tumepata faida kubwa. Tulianza na dai moja lililoonekana imara, na tumejua ni sehemu gani ya dai hilo iliyosimama, ni ipi iliyoanguka, na iliangushwa na nini.

NANI AALIKWE, NA KWA LUGHA GANI?

Tulisema kwamba jaribio la falsafa hutegemea waliokusanyika. Katika warsha yetu, mfano wa bibi kizee na ule wa ndugu aliyeteremka isingeliwezekana kuupata kwa urahisi kwa watu wasioyajua maisha ya mlimani. Kama wajumbe wote wangetoka mbali, dai la kwanza lingepita bila kuguswa. Hii ndiyo sababu yenye nguvu kabisa ya kuwaalika wazee na wakulima katika makongamano: wanazo hoja na mifano ambayo mjadala hauwezi kwenda mbele bila hiyo. Heshima kwa mila ni jambo jema, lakini hapa ni jambo la pili.

Zipo pingamizi mbili kubwa. Moja ni gharama, kwani nauli na malazi huwazuia wengi, wakiwamo walimu. Ya pili ni lugha. Makongamano mengi ya falsafa katika Afrika Mashariki hufanywa kwa Kiingereza. Kwasi Wiredu wa Ghana alishauri kwamba mwanafalsafa Mwafrika ajaribu kila dai kwa lugha yake mwenyewe, kwani yapo madai yanayoonekana ya kina katika lugha ya kigeni na kumbe yanategemea tu namna maneno ya lugha hiyo yalivyopangwa. Kwa Watanzania jambo hili ni jepesi kuliko kwa wengi, maadam Kiswahili kimekwisha kubeba fikra nzito. Euphrase Kezilahabi aliandika riwaya za kifalsafa kwa Kiswahili, "Nagona" na "Mzingile". Na kabla yake, mwaka 1947, Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi mkuu wa Vunjo, alichapisha kwa Kiswahili kitabu kiitwacho "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera". Hiyo ni miaka miwili tu baada ya Tempels. Kwa kipimo cha Oruka, kitabu kinachoeleza desturi ni mwanzo. Kazi iliyobaki kwa kizazi cha leo ni kuuliza, kwa kila desturi, kama ina sababu njema.

KONGAMANO SHULENI

Shule ya sekondari haihitaji kungoja mwaliko wa chuo kikuu. UNESCO imeiweka Alhamisi ya tatu ya mwezi Novemba kuwa Siku ya Falsafa Duniani, nayo yaweza kutumika vizuri. Walimu waweza kufuata utaratibu huu:

1. Lichaguliwe swali moja ambalo watu wa mahali hapo wanalibishania kweli, na ambalo vipimo peke yake havilimalizi.

2. Wanafunzi watatu waandike mada za kurasa mbili. Kila mada ianze kwa sentensi moja ya dai, kisha sababu zake zihesabiwe moja moja.

3. Kila mada ipewe mchambuzi aliyeisoma wiki moja kabla. Kabla ya kuipinga, mchambuzi aieleze upya mpaka mwenye mada akubali kwamba ameelezwa sawasawa.

4. Waalikwe wazee wawili au watatu, wanawake na wanaume, na wapewe nafasi ya kuuliza na kupinga, si ya kufungua mkutano na kuondoka. Kijana anayempinga mzee afanye hivyo kwa adabu, akisema "Shikamoo" kwanza na "kwa nini" baadaye.

5. Ateuliwe mwandishi wa kumbukumbu. Kazi yake kubwa ni kuandika kila mahali ambapo dai lilibadilishwa, na sababu ya kubadilishwa.

6. Isipigwe kura. Kila mtoa mada aiandike upya mada yake baada ya siku saba, na mada ya pili ilinganishwe na ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtu aliyerithi kihamba chenye maji hakufanya kosa lolote. Je, inawezekana awe na deni kwa asiyerithi? Toa sababu.

2. Katika warsha ya mfongo, ni pingamizi lipi kati ya matano lililokuwa na nguvu zaidi? Je, mtoa mada angeweza kulijibu kwa namna nyingine?

3. Taja desturi moja ya kwenu unayoijua vizuri. Eleza sababu bora kabisa ya kuidumisha na sababu bora kabisa ya kuiacha, kwa namna ambayo msikilizaji hataweza kutambua wewe uko upande gani.

4. Je, mifongo ya mababu yathibitisha kwamba fikra za wakati ujao zilikuwako Kilimanjaro, au yathibitisha tu kwamba watu walihitaji maji?